Mizizi na Nyama Katika Karai Moja: Chakula cha Jioni na Historia Yake

Leo hatuanzi na ugonjwa wala dawa. Tunaanzia jikoni, saa kumi na mbili jioni, giza likiingia.

Umerudi kutoka kazini au shambani. Mtoto mdogo analia, wakubwa wanauliza chakula kitaiva lini. Kwenye kikapu una viazi vitamu vinne, karoti mbili, kitunguu na nyanya. Mkononi una robo kilo ya nyama kutoka bucha. Mkebe wa unga ni mtupu. Ukimwambia jirani kwamba utakata viazi hivyo pamoja na nyama, uvipike kwenye karai moja na chakula kiwe tayari kwa muda wa nusu saa hivi, huenda akakucheka. "Viazi vitamu ni vya asubuhi na chai," atakwambia. "Jioni ni ugali."

Wazo hilo lina historia, na historia hiyo inagusa afya ya mtoto wako. Kwa muda mrefu mizizi na nyama zimekaa mbalimbali katika nyumba nyingi za Kenya. Mizizi ilikuwa ya mama na watoto, nyama ilikuwa ya wageni, ya sherehe na ya wanaume. Aliyeumia kwa mpango huo ni mtoto wa chini ya miaka mitano. Basi leo tuifuate historia hiyo hatua kwa hatua, kisha tuwashe jiko.

Mizizi ilitoka wapi

Viazi vikuu ni chakula cha kale sana barani Afrika. Nduma nazo zilitoka Asia ya Kusini-Mashariki zamani za kale, zikapenda maji, na katika nyanda za juu zikapandwa kando ya mito na kwenye mabonde yenye unyevu. Viazi vitamu na muhogo asili yake ni Amerika ya kitropiki. Wareno ndio walioanza kuvileta Afrika katika karne ya 16, na muhogo ulienea katika pwani yetu ya Afrika Mashariki hasa katika karne ya 18. Viazi vya kawaida, ambavyo wengine huviita waru na watu wa Pwani huviita mbatata, vilitoka milima ya Andes huko Amerika Kusini. Hapa Kenya vilifika mwishoni mwa karne ya 19 pamoja na Wazungu. Hata jina mbatata tulilipata kwa Wareno.

Kiazi kitamu kilipokewa vizuri kwa sababu kilimfaa mama mwenye kazi nyingi. Hukomaa kwa miezi michache, hakidai ghala, hukaa ardhini hadi siku unapokihitaji, na majani yake ni mboga. Waluo wakakiita rabuon, Wakikuyu ngwaci, Waluhya mapwoni. Shamba la viazi vitamu mara nyingi lilikuwa la mwanamke. Mume alihesabu ng'ombe na mbuzi, mke alihesabu matuta.

Muhogo una habari nyingine, na si ya furaha. Serikali ya kikoloni iliuona kama akiba ya njaa. Nzige walipovamia Kenya kati ya mwaka 1928 na 1931 wakala mahindi na mtama, mizizi ya muhogo ilibaki salama ardhini. Kwa hiyo maafisa wakasukuma kila familia ipande muhogo, mahali pengine kwa amri. Watu hawapendi chakula wanacholazimishwa. Kisha ikaja njaa ya mwaka 1943. Katika nchi ya Wakikuyu njaa hiyo ilipewa jina la Mianga, yaani njaa ya muhogo, kwa sababu unga wa muhogo ndio watu waliokula ili wapone. Fikiria mtoto aliyekua akisikia neno muhogo likitajwa pamoja na neno njaa. Akiwa mtu mzima na ana pesa kidogo, ataununua? Ndiyo maana hadi leo kuna nyumba ambazo mgeni hawezi kuwekewa muhogo mezani, ingawa kule Pwani muhogo wa nazi ni chakula cha heshima.

Wakati huohuo mahindi meupe yalikuwa yanapanda cheo. Baada ya Vita Kuu vya Kwanza vya Dunia, vya mwaka 1914 hadi 1918, mahindi yalienea haraka katika mashamba yetu. Wafanyakazi wa mashamba ya walowezi, wa reli na wa mjini walilipwa sehemu ya ujira wao kwa posho ya unga wa mahindi. Ugali ukawa chakula cha mtu mwenye kazi. Wimbi, mtama na mizizi vikarudi nyuma, vikawa vya wazee, vya watoto, vya asubuhi. Hapo ndipo lilipotoka lile neno la jirani yako.

Na chombo? Bibi zetu walipika kwa chungu cha udongo, polepole, juu ya mafiga matatu. Chungu hakikimbizwi, ukikizidishia moto hupasuka. Sufuria na karai vilikuja na biashara. Neno sufuria lina asili ya Kiarabu na lilihusu chombo cha shaba. Neno karai tulilipata kwa Wahindi, ambao wengi wao walifika wakati wa ujenzi wa reli kati ya mwaka 1896 na 1901 na baadaye wakafungua maduka hadi vijijini. Karai lina tumbo pana na hupata moto upesi. Chombo hicho kilituwezesha kupika chakula cha haraka kabla gesi haijafika. Lakini jambo la ajabu ni kwamba tulilitumia zaidi kwa mandazi na chipsi kuliko kwa chakula kamili cha familia.

Ripoti ya mwaka 1931

Sasa tuje kwenye nyama. Mwishoni mwa miaka ya 1920 madaktari wawili waliifanya Kenya kuwa mahali pa utafiti mkubwa wa chakula. Mmoja alikuwa John Boyd Orr, mtaalamu wa lishe kutoka Aberdeen, Scotland. Huyu ndiye aliyekuja kuwa mkurugenzi mkuu wa kwanza wa Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa mwaka 1945, na akapewa Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka 1949. Mwenzake aliitwa Gilks, mkuu wa idara ya afya ya koloni la Kenya. Ripoti yao ilichapishwa mwaka 1931.

Walilinganisha majirani wawili, Wamasai na Wakikuyu. Mwanamume wa Kimasai wakati huo alikula maziwa, nyama na damu. Mwanamume wa Kikuyu alikula nafaka, mizizi, ndizi na kunde. Watafiti walipima urefu, uzito na nguvu za mikono. Waliandika kwamba kwa wastani mwanamume wa Kimasai alimzidi mwenzake kwa inchi 5, yaani karibu sentimita 13, na kwa ratili 23, yaani zaidi ya kilo 10. Kwa upande wa Wakikuyu walikuta zaidi upungufu wa damu, meno yaliyooza, mifupa iliyopinda, magonjwa ya mapafu na vidonda vya miguu. Kwa Wamasai walikuta zaidi kufunga choo na maumivu ya viungo. Kwa hiyo kila upande ulikuwa na lake. Mwenye nyama na maziwa tupu aliumwa, na mwenye mizizi na nafaka tupu aliumwa pia.

Naomba usiichukue ripoti hiyo kama kipimo cha kabila. Wanahistoria walioisoma upya wameonyesha makosa yake. Wakikuyu waliopimwa walikuwa wamenyang'anywa ardhi nyingi na walowezi, na malisho ya mbuzi wao yalikuwa yamepungua. Tena majirani hao wawili hawakuishi kama watu wasiojuana. Wanawake wa pande zote walibadilishana chakula kwa vizazi vingi, hata wakati wa vita, na wanawake na watoto wa Kimasai walikula nafaka na mboga zaidi ya morani. Daktari aliyemtazama mwanamume peke yake aliona nusu ya sufuria.

Lakini ndani ya ripoti hiyo kuna jambo moja ambalo mimi hulirudia kila ninapozungumza na akina mama. Watafiti waligundua kwamba wanawake wa Kikuyu walikula majani mabichi ya mboga ambayo wanaume hawakuyagusa, hasa wakati wa ujauzito na kunyonyesha. Mboga hizo ziliwapa madini ambayo waume zao waliyakosa. Kumbe ndani ya nyumba moja, chini ya paa moja, watu hawali chakula kimoja. Ukitaka kujua afya ya familia usiulize tu nini kilipikwa. Uliza nani alikula nini.

Na kwa upande wa nyama jibu la swali hilo linajulikana. Katika jamii nyingi za Kenya mwanamke na mtoto walikuwa na miiko. Kwa Waluhya mwanamke hakuruhusiwa kula kuku, na mpaka leo firigisi ni ya baba. Kwingine yai lilikatazwa kwa mjamzito. Mbuzi akichinjwa, wanaume walichoma na kula porini au uani, kikarudi nyumbani kilichobaki. Siku hizi miiko hiyo imelegea, lakini baba bado huketi kwenye kibanda cha nyama choma na wenzake, na nyumbani watoto wanakula viazi na chai. Sisemi hivyo ili tugombane. Nasema kwa sababu ndivyo ilivyo.

Mtoto aliyevimba

Mwaka 1933 daktari mmoja mwanamke, Cicely Williams, akifanya kazi huko Gold Coast, nchi ambayo sasa ni Ghana, aliandika habari za ugonjwa wa watoto ambao vitabu vya Ulaya havikuwa na jina lake. Mwaka 1935 akatumia jina walilotumia akina mama wa Kiga wenyewe, kwashiorkor. Kwa lugha yao ulikuwa ugonjwa wa mtoto aliyetangulia, wakati mdogo wake amekwisha kuzaliwa. Mama anapata mimba nyingine, anamwachisha mtoto ziwa, mtoto anapewa uji mtupu. Baada ya muda miguu inavimba, nywele zinakuwa nyepesi na nyekundu, ngozi inabambuka, na mtoto hachezi wala hacheki.

Huku kwetu ugonjwa huo ulikuwepo. Mahali pengine mtoto aliyevimba alisemwa kuwa amelaaniwa, au kwamba wazazi wamevunja mwiko, na familia ikatafuta mganga wakati siku zinapita. Katika nchi jirani ya Uganda, madaktari wa hospitali ya Mulago jijini Kampala waliuchunguza kwa miaka mingi. Watoto waliowaona walikuwa wameachishwa ziwa wakapewa matoke, viazi vitamu na muhogo. Walishiba, tumbo lilijaa, lakini mwili haukupata vitu vya kujengea. Leo wataalamu wanajua kwamba chanzo cha kwashiorkor si upungufu wa protini peke yake. Maambukizi, kuhara na upungufu wa virutubishi vingine huchangia. Hata hivyo mtoto anayelishwa mizizi au uji mtupu ndiye aliye hatarini.

Kitu kizuri kilitokea Mulago katika miaka ya 1960. Kitengo cha lishe kilichoitwa Mwanamugimu kilianza kuwafundisha akina mama kuandaa chakula cha mtoto kwa vyakula vyao wenyewe. Hawakuwaambia waache matoke na viazi wakanunue maziwa ya kopo. Waliwafundisha kuchanganya. Matoke au viazi, pamoja na maharagwe au karanga, na kipande cha nyama au samaki, vyote pamoja, vikapikwa kwa mvuke ndani ya jani la mgomba, kisha vikapondwa. Wakakiita kitobero, yaani mchanganyiko. Mtoto alipona mbele ya macho ya mama yake, naye mama akarudi kijijini akawa mwalimu wa wenzake. Karai letu la leo ni ndugu wa kitobero hicho.

Nyama kidogo shuleni Embu

Kuna wanaosema kwamba nyama kidogo haina maana, kwamba kama huna kilo mbili ni afadhali ule sukuma wiki. Hapo Kenya yenyewe imetoa jibu. Kuanzia mwaka 1998 watafiti walifanya jaribio katika shule 12 za msingi huko Embu. Watoto wa darasa la kwanza wapatao 550 waligawanywa kwa shule. Kundi moja lilipewa githeri iliyoongezwa nyama ya kusaga kidogo. La pili githeri na maziwa. La tatu githeri iliyoongezwa mafuta tu, ili shibe iwe sawa. La nne halikupewa chakula shuleni. Waliwafuatilia kwa karibu miaka miwili.

Wote waliokula walinufaika, lakini watoto wa kundi la nyama walipanda zaidi ya wengine katika mtihani wa kufikiri. Uwanjani walicheza kwa bidii zaidi, na walionekana wakianzisha michezo na kuongoza wenzao. Misuli ya mikono yao iliongezeka. Maziwa nayo yaliwasaidia kurefuka watoto wadogo zaidi na wale waliokuwa wamedumaa. Damu za watoto wa kundi la nyama na la maziwa zilionyesha kupanda kwa vitamini B12. Vitamini hiyo haimo katika kiazi, wala nduma, wala muhogo, hata ule debe zima. Hupatikana katika vyakula vya wanyama: nyama, samaki, mayai, maziwa.

Nimewahi kuulizwa na mama mmoja baada ya mazungumzo kama haya, "Dada, unataka tuuze shamba tununue nyama?" Hapana, mama yangu. Githeri ile ilibaki githeri. Nyama iliyoongezwa ilikuwa kidogo tu, tena ya kusaga, na ilifika katika sahani ya mtoto. Hilo la mwisho ndilo gumu.

Rangi ya kiazi

Viazi vitamu vilivyopandwa Kenya kwa vizazi vingi vilikuwa vyeupe au vya manjano hafifu ndani. Ni vitamu na vinatia nguvu, lakini havina vitamini A ya kutosha. Upungufu wa vitamini A huharibu macho ya mtoto na kudhoofisha kinga yake, kiasi kwamba surua au kuhara vinaweza kumuua upesi. Katikati ya miaka ya 1990, watafiti wa kilimo wa Kenya pamoja na kituo cha kimataifa cha viazi walifanya kazi na vikundi vya wanawake wa Magharibi ya Kenya na Nyanza. Waliwapa mbegu za viazi vitamu vya rangi ya chungwa na kuwafundisha kuvitumia katika chakula cha watoto. Mwaka 2009 ukaanza mradi mwingine huko Busia na Bungoma. Mama mjamzito alipokuja kliniki alipewa mafunzo ya lishe na karatasi ya kwenda kuchukua mbegu kwa mkulima wa karibu. Aina kama Kabode na Vita zikajulikana. Mwaka 2016 Tuzo ya Chakula ya Dunia ilipewa watu wanne kwa kazi ya kuongeza virutubishi katika mazao, na watatu kati yao, Maria Andrade, Robert Mwanga na Jan Low, walituzwa kwa ajili ya kiazi hiki cha rangi ya chungwa.

Kiazi kidogo kimoja cha aina hiyo, chenye uzito wa gramu 125 hivi, kinatosha kumpa mtoto wa chini ya miaka mitano vitamini A ya siku nzima. Lakini mwili unahitaji mafuta kidogo ili uipokee. Kiazi kilichochemshwa na kuliwa kikavu na chai ya rangi hakitoi faida yake yote. Kwenye karai lenye kijiko cha mafuta kinatoa zaidi. Ukikosa kiazi cha rangi hiyo, karoti husaidia.

Tahadhari ya muhogo

Kwa kuwa tunazungumza juu ya chakula cha haraka, lazima niseme hili. Muhogo hauharakishwi. Una sumu ya sianidi, kidogo katika muhogo mtamu na nyingi katika muhogo mchungu. Mababu walijua kuumenya, kuuloweka, kuuchachusha na kuuanika kwa siku kadhaa. Mwaka 1981 kaskazini mwa Msumbiji, wakati wa ukame, watu zaidi ya 1,000, wengi wao watoto na wanawake, walipooza miguu ghafla baada ya kula muhogo mchungu ambao haukukaa muda wa kutosha. Mwaka 1985 ugonjwa huohuo, unaoitwa konzo, ulitokea Tarime nchini Tanzania, karibu na mpaka wetu. Mguu uliopooza kwa konzo haurudi kama zamani.

Na hapa utaona tena jinsi nyama na mizizi zinavyohitajiana. Mwili huiondoa sianidi kwa kutumia salfa inayotoka katika protini. Waliopooza walikuwa watu waliokula muhogo bila nyama, samaki wala kunde kwa majuma mengi. Kwa hiyo kwa karai letu tumia muhogo mtamu tu, unaoujua ulikotoka. Umenye ganda lote hadi kwenye nyama nyeupe, utoe uzi wa katikati, uchemshe bila kufunika hadi ulainike kabisa, na umwage maji yake. Ukiuonja ukasikia uchungu, tupa. Ikiwa jioni ni fupi, acha muhogo kwa siku nyingine, chukua viazi vitamu.

Sasa tuwashe jiko

Kwa watu sita utahitaji robo kilo ya nyama ya ng'ombe au mbuzi, viazi vitamu vinne vya wastani, karoti mbili, kitunguu kimoja, nyanya mbili, vijiko viwili vya mafuta, chumvi kidogo, na konzi mbili za mboga za majani. Mchicha unafaa, kunde zinafaa, hata majani ya viazi vitamu yenyewe. Dania ukiwa nayo.

Nawa mikono kwa sabuni. Kata nyama vipande vidogo kabisa, kama punje za maharagwe, au mwambie mwenye bucha akusagie. Udogo huo una sababu mbili. Nyama iliyokatwa ndogo huiva upesi na haimalizi makaa. Tena hakuna kipande kikubwa cha kumwekea mtu mmoja. Robo kilo ikikatwa vipande vinne vikubwa, sote tunajua vitakwenda kwa nani. Ikikatwa mia mbili, kila kijiko kina yake.

Weka nyama kwenye karai lililopata moto, bila mafuta, ufunike. Itatoa maji yake na kuiva ndani yake kwa dakika kumi. Maji yakikauka tia mafuta na kitunguu, koroga hadi kitunguu kigeuke rangi. Hapo tia viazi na karoti, vilivyokatwa vipande vya ukubwa wa kidole gumba. Kata vyote sawa ili viive pamoja. Mimina nusu kikombe cha maji, tia chumvi, funika, upunguze moto. Baada ya dakika kumi na mbili hivi choma kiazi kwa uma. Kikiwa laini, tia nyanya na mboga, funika dakika tano, kisha epua. Nyanya husaidia mwili kupokea madini ya chuma yaliyo katika mboga na viazi, na nyama nayo hufanya hivyohivyo.

Ukiwa na viazi vya kawaida au nduma, fanya vilevile, ila nduma zichemshwe kwanza hadi ziive ndipo zikatwe, la sivyo zitawasha koo. Usipopata nyama, omena waliooshwa na kukaangwa wanaweza kuchukua nafasi yake, au mayai mawili yaliyopigwa na kumiminwa mwishoni. Maini ni mazuri sana kwa damu, na yanaiva upesi, kwa hiyo yatie mwishoni baada ya viazi kulainika. Kwa mtoto mdogo kijiko kimoja au viwili mara moja kwa juma vinatosha, na mama mjamzito asile maini kila siku kwa kuwa vitamini A ikizidi inaweza kumdhuru mtoto tumboni.

Mtoto aliyefikisha miezi sita, anayeendelea kunyonya, mpakulie kabla hujatia chumvi. Ponda viazi na nyama hadi viwe laini kabisa, ongeza mchuzi au maziwa ya mama. Mwenye mwaka mmoja na zaidi anaweza kula vipande vidogo laini. Mpe bakuli lake mwenyewe, usimwache agombanie sinia na kaka zake, maana mdogo hushindwa upesi na hakuna anayejua amekula kiasi gani. Kaa naye anapokula.

Katika utafiti wa afya na idadi ya watu wa Kenya wa mwaka 2008 na 2009, watoto 35 kati ya kila 100 walio chini ya miaka mitano walikuwa wamedumaa. Katika utafiti wa mwaka 2022 walikuwa 18. Ni hatua kubwa, lakini 18 hao wako katika nyumba zetu. Ukiona mtoto amevimba miguu, amekataa kula, au utepe wa mkono kliniki unaonyesha rangi nyekundu, usingoje chakula kimponye. Mpeleke kituo cha afya siku hiyohiyo.

Na ile chai ambayo jirani yako hakosi kuinywa na viazi vitamu? Majani ya chai huzuia mwili kupokea madini ya chuma. Leo usiiweke mezani pamoja na karai. Wakishamaliza kula, ngoja saa moja, ndipo uinjike birika.